Salamu Zilizomruka Kaka

Wenzangu wa wodini hawaniamini nikiwaambia nimekulia kwenye nyimbo za country za Wamarekani. Muuguzi mmoja, Mwingereza, aliniuliza kama nilizizoea nilipokuja huku. Ebo! Nikamwambia mimi nilizijua nyimbo za wafungwa na za wake walioachwa kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kwetu ni Molo. Kuna baridi, kuna viazi, na kuna watu wanaopenda gitaa linalolia. Nimechoka kuulizwa kwa nini. Waimbaji wale wanaimba juu ya shamba, mvua, pombe, mama mzazi na Mungu, na sisi hatukuwa na mengine ya kuzungumza.

Baba alilima viazi, na waimbaji aliwataja kana kwamba ni majirani wa ng'ambo ya bonde. Alijua nani ameoa mara nne, nani amelala ndani kwa sababu ya ulevi, nani ameokoka akaimba za kanisa miaka miwili kisha akarudi kwenye chupa. Sauti ya mwanamke ikipanda redioni, alitikisa kichwa na kusema, "Huyu mama ameteseka, haki." Mama, kisu mkononi na karai la viazi mbele yake, alimjibu bila kuinua macho: "Na hawa watu wako, hakuna hata mmoja mwenye habari njema?"

Jumapili mchana, tukishatoka kanisani, redio ilikuwa na kipindi cha country na salamu. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako, majina ya unaowasalimia, wimbo unaoutaka, na mwisho ujumbe. Ukaipeleka posta, ukangoja wiki, pengine miezi, mpaka mtangazaji aifikie. Mwandiko wa Baba ulikuwa hausomeki kabisa, kwa hiyo kaka yangu, kifungua mimba, ndiye aliyeandika huku Baba akitamka. Ujumbe haukubadilika kamwe: tuko salama, mvua imenyesha. Hata kiangazi kikiwa kimekausha mahindi yote, mvua ilikuwa imenyesha.

Siku kadi yetu iliposomwa hakuna aliyethubutu kukohoa. Kila mmoja alingoja jina lake kwa zamu yake. Mara moja mtangazaji alimruka kitinda mimba wetu, na yule mtoto alilia mpaka Jumatatu, uji akakataa, shule akaenda amevimba macho. Baba akanunua kadi nyingine, ya mtoto huyo peke yake. Kwetu kuachwa kwenye salamu si jambo dogo, na hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa niko London, naishi Kingsbury, na kaka yangu anaendesha basi na anakaa Tooting. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Wakenya tunakodi ukumbi nyuma ya kanisa moja hapa karibu na kwangu. Watu wanakuja na buti, kofia za ukingo mpana na mashati ya miraba. Kuna pilau, kuna mandazi, kuna chai ya maziwa ya kuchemshwa sawasawa. Mtangazaji wetu ni mhasibu siku za kazi, lakini Jumapili anashika kipaza sauti na kuongea kama redio ya zamani. Salamu tunaandika kwenye kadi na kuzitia kwenye boksi la viatu, na simu inawekwa mezani ili watu wa nyumbani nao wasikie. Mwanangu, aliyezaliwa hapa, huja kwa sababu ya mandazi. Nikimwita kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kiingereza kwamba kofia yangu inamwaibisha.

Baba alipofariki, mimi nilikwenda kuzika. Kaka hakwenda. Karatasi zake zilikuwa bado uhamiaji, na angetoka asingeweza kurudi kwa mke na watoto. Nilijua hivyo. Lakini sitadanganya: siku ile pale kaburini, baba mdogo aliposhika koleo ambalo lilikuwa la kaka kushika, nilimkasirikia. Sikumwambia. Nilirudi na hasira yangu kwenye begi, nikaipanga kabatini pamoja na nguo.

Mwaka ulipotimia, niliandika kadi ya kumkumbuka Baba. Niliijaza haraka, nimesimama, kijiko cha pilau mkono mmoja, kwa sababu orodha ile naijua kwa moyo tangu utotoni. Nikasalimia Mama, dada yetu mkubwa, kitinda mimba, baba mdogo, na wote wa Molo popote walipo. Niliomba wimbo aliopenda Baba, wa mtu aliyeondoka kwao akaahidi kurudi wakati wa mavuno, na mavuno yakapita. Mhasibu wetu akaisoma kwa madaha yake yote. Kaka alikuwa ameketi kando yangu. Aliweka kikombe chini, akavaa koti, akatoka kabla wimbo haujafika katikati.

Nilimkimbilia mpaka kituo cha basi. "Nimesahau tu," nikamwambia.

"Mtu hasahau ndugu wa tumbo moja aliyekaa karibu naye," akasema. "Mama amesikia. Molo nzima imesikia kwamba mimi si mtoto wa yule mzee."

Ningemwomba msamaha pale pale, yangeisha. Lakini mimi nina domo. Nikamwambia, "Wewe ndiye hukuja kumzika." Yalipotoka, nilitamani kuyarudisha kooni. Basi likaja, akapanda.

Miezi minane hatukusemezana. Nilipiga simu, hakushika. Krismasi nilipeleka chapati Tooting, wifi yangu akazipokea mlangoni akiangalia chini, akasema mwenyewe amelala. Nilikuwa na ndugu mmoja tu katika nchi hii, na nilikuwa nimemfukuza kwa mdomo wangu. Kilichonitesa zaidi ni kwamba sikujua jibu la kumpa. Je, nilisahau kweli, au ile hasira ndiyo iliyoshika kalamu? Niliwaza hivyo nikimpima mgonjwa presha, nikilazimika kurudia kupima.

Kisha siku moja, wakati wa mapumziko ya chai kazini, kitinda mimba wetu akanitumia picha kwenye simu. Mama alikuwa anapanga vitu vya Baba na akakuta kadi ya salamu ndani ya Biblia yake, imejazwa lakini haikupelekwa posta. Niliikuza picha. Mwandiko wa kaka wa darasa la saba, herufi zimelala upande mmoja. Ilisema: Mimi, nikiwa pamoja na kijana wangu wa kwanza, nasalimia mama watoto, binti yangu mkubwa, binti yangu wa pili, na kitinda mimba.

Woi! Nilikaa chini kwenye kile kiti cha plastiki nikalia, wala sikujali nani ananiona. Kaka hakuwahi kuwamo kwenye orodha ya wanaosalimiwa. Baba alimweka juu, pamoja naye, kwa watuma salamu. Mimi niliimba orodha kama nilivyoisikia maisha yangu yote, nikabadilisha mtumaji tu, na kaka akadondoka. Nilimtumia ile picha. Nikaandika chini yake, "Ulikuwa juu. Ndiyo maana. Na lile neno la kituoni, nisamehe, halikuwa la kusemwa." Alama za ujumbe zikageuka buluu, kwamba amesoma. Hakujibu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata niliandika kadi mpya, nimeketi safari hii. Niliweka jina la kaka kwanza, nikiwa pamoja naye mimi mdogo wake, tunasalimia Mama, dada mkubwa, kitinda mimba na wote wa Molo. Mhasibu akaisoma. Nikatazama mlango kila ulipofunguliwa, akaingia mzee mmoja, akaingia mama na mtoto mgongoni. Kaka hakuja. Kwenye simu nilimsikia Mama akisema, "Asanteni, wanangu," kana kwamba sote wawili tulikuwa pale.

Mwezi mwingine tulipokutana, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilifika mapema kupanga viti. Watu walipokuwa wengi, nikamwona kaka mlangoni, koti la kazi la kampuni ya basi limelowa mabegani, wifi nyuma yake. Hakuja nilipokuwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la viatu, akatia kadi, akachukua chai na kukaa mwisho kabisa, karibu na majaketi. Nami sikumfuata. Safari hii niliufunga mdomo wangu.

Zilisomwa kadi sita au saba kabla ya ile. Mhasibu akasafisha koo, akasoma jina la kaka, peke yake juu. Akasema kaka anamsalimia mama mzazi. Dada yetu wa Molo. Halafu mhasibu akageuza kadi, na nikashika ukingo wa meza, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yangu, na kama ingerukwa nilistahili. Akasoma jina langu, lote, hata lile la ubatizo ambalo ni Baba tu aliyelitumia. Kisha kitinda mimba, kisha wote wa Molo popote walipo.

"Wimbo uleule wa mavuno," mhasibu akasema. "Na ujumbe: tuko salama, mvua imenyesha."