Rangi Kwenye Antena ya Verlin

Kwa kusema, Verlin Kratochvil alikuwa bingwa. Tatizo hakuwa na wa kusema naye. Dereva wa lori huongea na usukani. Mkewe, Doreen, alikwisha kuachana naye, akabaki na nyumba katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nebraska, Marekani, pamoja na binti yao Janelle, msichana wa sekondari. Hapo mlangoni Verlin hakuruhusiwa hata kubisha hodi. Lakini chumbani kwa Janelle ilikuwapo redio ya upepo, kama zile ambazo kwazo madereva hupashana habari za njia na za askari wa trafiki. Kila Alhamisi alasiri, Verlin akipita na mzigo wa viazi, baba na binti walizungumza hewani.

Walizungumza kiduchu tu. Sauti ilishika lori likikaribia mji, ikafa mara lilipopita mizani ya malori upande wa pili wa mji. Verlin aliona anaibiwa mtoto mchana kweupe, na mwizi alikuwa redio. Akanunua mpya. Akanunua na mtambo wa kuongeza nguvu, ule usioruhusiwa na sheria. Wapi! Makelele ndiyo yaliyoongezeka.

Mwishowe akamwendea Odell, fundi wa redio kwenye kituo cha malori. Odell alilizunguka lori, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani kapaka rangi hivi vyuma vya vioo vya pembeni, vilivyoshika antena?"

"Mimi mwenyewe. Si imependeza?"

"Imependeza kama bibi harusi, bwana, na ndiyo maana redio haisemi! Antena inataka kugusa bodi, chuma kwa chuma. Lori lenyewe ni nusu ya antena. Wewe umeweka rangi katikati, halafu unaisingizia redio!" Akamkonyeza. "Haya, nani huyo unayemtafuta hewani? Mrembo gani?"

"Binti yangu."

Odell akaacha kucheka. Akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati, akapima, akarefusha antena kidogo, akapima tena.

Alhamisi ile Verlin alivaa shati safi, utadhani redio ina macho. Mji ulikuwa bado haujaonekana alipoita.

"Janelle! Mwanangu, unanipata?"

"Baba? Mbona mapema hivyo?"

"Niko mbali huku! Antena imetengemaa. Leo tutaongea mpaka uchoke!"

"Aa... vizuri," Janelle akasema.

Shule? Nzuri. Mama? Mzima. Mvua? Haijanyesha. Maneno yakaisha kabla ya mji kuanza. Verlin akaziba pengo kwa habari za viazi, za bei ya kahawa, za jino lake. Janelle akaitikia "ehe", "ehe", na nyuma yake Verlin akasikia msichana mwingine akinong'ona, "Bado tu?"

Mara lori likapita mizani.

"Baba, unakatikakatika," Janelle akasema. "Sikusikii kabisa."

Sauti yake ilikuwa safi. Angekuwa kakaa kiti cha pili isingekuwa safi zaidi. Verlin akatazama kipimo. Sindano imetulia pale pale Odell alipoiacha. Roho ilimuuma, tena sana. Akabonyeza kitufe.

"Hata mimi sikupati vizuri, mwanangu. Redio zenyewe hizi! Basi, tuachie hapo mpaka Alhamisi."

"Haya, Baba, safari njema!" Janelle akajibu papo hapo.