Uzio wa Shangazi

Katika ile miaka ambayo wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda Mbinga na magari yao, mimi nilikuwa utingo kwenye lori la mmoja wao. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, si kwa ujinga, ila sikuweza kukaa mahali pamoja. Lori lilinifaa. Liliharibika mara nyingi kuliko lilivyotembea, na kila lilipofunguliwa nilimuuliza dereva hiki ni nini na kile kinafanya nini, mpaka akaniambia, "Wewe utakufa ukiuliza mauti yanafungwa na bolti namba ngapi."

Lilipokufa kabisa, njiani karibu na Tingi, dereva aliniambia nichukue ninachotaka kabla halijauzwa kama chuma chakavu. Nilichukua koili, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, na flasha inayowasha na kuzima taa ya indiketa, na betri iliyokuwa bado inakubali chaji. Sikujua nitavifanyia nini. Nikashuka navyo ziwani, Mbaha, kwa dada yake baba.

Shangazi alikuwa mjane na watoto wake walikuwa wametawanyika mbali. Nyumba yake ilisimama juu ya ufukwe, na njia ya wanawake wa kaya za juu kwenda ziwani ilikatisha katikati ya shamba lake la muhogo, ikapita uani kwake. Walipita na ndoo, na vyombo, na nguo za kufua. Hakuna aliyepita bila kukaa. Shangazi alitoa muhogo wa kuchemsha, na wao wakirudi walimwachia usipa, vidagaa vya ziwa lile, kwenye ungo. Ndani ya nyumba aliishi peke yake, lakini mimi sikuwahi kumkuta peke yake.

Mwaka ule alikuwa na huzuni. Mpunga ukishavunwa, kule mbuzi hufunguliwa kamba wakazurura, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini muhogo hubaki shambani mwaka mzima. Mbuzi walikuwa wamekula majani na kubandua magome ya miti michanga, hata mizizi ikabaki myembamba kama vidole.

"Watu watakuja, nitawapa nini?" aliniuliza. "Niwape maji, na wao wanatoka ziwani?"

Ndipo nikajua koili ni ya nini.

Nilichoma tairi kuukuu nikapata nyaya zake za chuma. Nilichimbia nguzo za miti, na kwenye kila nguzo nikafunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili waya usiguse mti. Nondo moja niliipigilia kwenye mchanga wenye unyevu, iwe njia ya umeme kurudi ardhini. Betri niliichajisha kwa mwenye duka aliyekuwa na jenereta. Flasha ikawa inakata na kuunga, ta, ta, ta, na kila ikikata, koili inarusha pigo la umeme kwenye waya. Pale njia ilipopita niliacha uwazi, upana wa mwanamke mwenye ndoo kichwani na mwingine wa kupishana naye.

Beberu la jirani lilikuja kwanza, likanusa waya. Liliruka na miguu yote minne kwa pamoja, likakimbia likilia kama limeitwa na mchinjaji. Wanawake walicheka mpaka wakatua ndoo zao. Mama mwenye beberu naye alikuja kutazama.

"Shikamoo, dada. Siku hizi unaishi kambi ya jeshi?"

"Marahaba. Mwambie mumeo huyo mwenye ndevu asije tena kwangu," shangazi akamjibu, na kicheko kikaanza upya.

Muhogo ulichipua. Shangazi aliamka akiuzunguka kila asubuhi, akiyahesabu majani mapya kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Kisha siku moja mkwe wa kaya ya juu, mwenye mimba kubwa, alikuwa akipanda kutoka ziwani, nguo zimelowa. Alijikwaa kwenye ule uwazi, akaushika waya ili asianguke, ukampiga. Ndoo ilianguka, naye akakaa chini akipiga kelele. Hakuumia. Baadaye alijifungua salama, mtoto mzima. Shangazi alikwenda kwao na unga akaomba radhi, wakampokea kwa heshima, wakamwambia yameisha.

Lakini wanawake walianza kupitia kwenye majabali, njia ndefu, yenye utelezi. Hakuna aliyegomba. Kila mmoja alikuwa na sababu yake siku hiyo.

Niliizima betri. Sikuiwasha tena, wala haikuhitajika, maana mbuzi walikuwa wameshajifunza, hawakusogea hata waya ulipokuwa mfu. Niliwaita wanawake, nikaushika waya mbele yao kwa mikono miwili.

"Wewe umeuzoea," mmoja akasema. "Mwili wako umeshakuwa wa betri."

Wakacheka, wakapita majabalini.

Shangazi aliendelea kuchemsha muhogo wa watu wengi. Mchana aliufunika, jioni akaula ukiwa baridi, kidogo, uliobaki akaurushia kuku. Siku moja akaniambia, "Baba, toa." Niling'oa nguzo zote nikafukia mashimo, nikafagia na njia yenyewe. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota katikati yake.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote, nikingoja. Mizizi ilikuwa imenenepa sasa, na ungo wa usipa ulining'inia ukutani mkavu.

Waliorudi kwanza walikuwa mbuzi. Nilitoka nikawakuta ndani ya shamba, beberu lile mbele, wakitafuna machipukizi. Niliokota jiwe. Shangazi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akanishika mkono.

"Waache wale."

"Shangazi, watamaliza."

"Waache. Mwenyewe atakuja kuwatafuta."

Aliingia ndani akatoa kigoda cha pili, akakifuta kwa upande wa khanga, akakiweka kando ya chake. Kilikuwa cha mgeni; mimi nilikaa chini, tukatazama muhogo ukiliwa. Jua liliposogea, tukasikia mluzi wa mwenye beberu kutoka kwenye majabali, mrefu, mara mbili. Mbuzi waliinua vichwa, wakageuka, wakashuka wote kuufuata.