Viazi Hulazwa, Havizikwi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa majivu jikoni nilipojifunza kwamba viazi vitamu hulazwa, havizikwi. Ndivyo alivyotaka bibi, mama yake baba, pale kwetu Uyole, miaka ya hamsini. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba, tukatandika nyasi kavu, tukapanga viazi, tukanyunyiza majivu na kufukia. Vingetulisha hadi mahindi mapya. Ila karibu na shimo neno kuzika lilikuwa mwiko.

Mama alikuwa Mhehe wa Iringa, ameolewa kwa Wasafwa, akielewana na wakwe zake kwa Kiswahili. Mwaka ule alikuwa amefiwa na mdogo wangu, mtoto wa kunyonya. Mvua zilichelewa kukatika, na baba, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye kibarua cha barabara, akataka viazi vichimbwe vikiwa vimelowa.

"Hata hivi vilivyokatwa na jembe?" mama aliuliza.

"Tia vyote. Unanifundisha shamba?"

Jioni bibi akaita kutoka mlangoni, "Mkamwana, umemaliza?"

"Nimemaliza kuzika, mama."

Bibi akajipiga mapaja. "Umesemaje?"

Mama akaziba mdomo. Miezi ile neno hilo ndilo lililokaa karibu na ulimi wake.

Wiki kadhaa baadaye tulipofukua, harufu ilitutangulia. Viazi vilikuwa uji mweusi.

"Si alivizika? Basi vimekufa," bibi alisema. "Kwanza mtoto, sasa chakula. Huyu atatumaliza!"

Baba aliinamia lile shimo, akaanza kulifukia. Haukupita muda mama akapandishwa lori la Iringa. Mimi nilibaki, kwa kuwa mtoto ni wa baba.

Nimesoma hadi sekondari, nina watoto na shamba. Viazi vyangu navianika kwanza. Vyenye jeraha tunavila mapema. Nilipokuwa mtu mzima nilimfuata mama nikamweleza yote: maji, majeraha, joto la shimo. Nilidhani nampelekea nafuu.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. "Sawa, mwanangu. Lakini ni mimi niliyetamka."

Sikubishana naye. Kuoza kwa viazi naweza kukueleza, na utanielewa. Bibi alishasahau, baba alishaoa mwingine. Aliyeendelea kuamini ni yule waliyemfukuza.