Sauti Niliyotoka Nayo Mashineni

Sogea karibu, mwanangu, nisilazimike kupaza sauti. Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilikaribia kulia.

Nilikuwa msichana, nikifanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga huku Shauri Moyo. Mashine mbili zilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, nasi tuliokuwa ndani hata "lete gunia" tuliambiana kwa kupiga kelele. Sikujua kwamba nimebadilika. Mwenye unga kichwani haoni weupe wa nywele zake.

Jumapili hiyo Wafula, aliyetaka kunioa, alinipeleka Buruburu nikaonane na mama yake. Shangazi yangu alinisindikiza, kama desturi yetu watu wa magharibi inavyotaka. Nilijua la kufanya: nipige goti, nimnawishe mama mikono, niseme kwa heshima. Goti nilipiga vizuri. Kisha nikafungua kinywa.

"Karibu unawe, Mama!"

Mjukuu wake aliyelala kitini akaamka akilia. Mama akashika kifua. "Msichana, nani amekuudhi?"

"Hakuna aliyeniudhi, Mama!" nikajibu kwa nguvu zaidi, maana nilitaka aniamini.

Wafula akatazama dari. Mama akamwambia, "Mwanangu, huyu akiniita ninywe chai, Jogoo Road nzima itakuja kunywa."

Tukala. Tukamaliza. Siku ya wazee wa pande mbili kukutana haikutajwa hata kidogo, nami nikajua uchumba wangu umeanza kuoza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa sauti!

Lakini shangazi, mwanamke mwenye subira, aliaga hivi: "Mama Wafula, Jumanne njoo mashineni anakofanya kazi, na debe lako la mahindi. Saga kwanza, kisha utuambie unavyomwona huyu mtoto."

Akaja kweli, shangazi akiwa naye. Alinisalimu kwa upole wake wa Buruburu, nami nikaona midomo tu ikicheza. Akarudia. Mara ya tatu alipiga ukelele ulionifanya nishtuke. Akaendelea hivyo hivyo, akiniambia nisimchanganyie unga wake na wa watu, hadi debe likajaa.

Tulipotoka nje alimwona mama mmoja akiuza karanga. "Nipimie kikombe kimoja!" akanguruma.

"Wee mama, pole pole," akajibu yule. "Hizi ni karanga, si vita."

Mama Wafula akaziba mdomo kwa leso. Kisha akacheka mpaka shangazi akamshika mkono. "Nyani haoni kundule," akasema. "Nusu saa tu, tazama nilivyokuwa!"

Hapo ndipo aliponiketisha kwenye gunia na kunipa maneno ninayokuachia wewe. Alisema kelele zikikuzunguka, sauti hupanda yenyewe bila kukuomba ruhusa, na hilo si kosa la mtu. Kosa ni kutoka nayo mlangoni na kuipeleka kwa wapendwa wako. Akanifundisha kusimama nje kidogo kila nikitoka kazini, kunywa maji, na kumwuliza wa kwanza ninayekutana naye, "Je, nakupigia kelele?" Kuuliza si ujinga. Wazee walikutana mwezi uliofuata.

Sasa wewe unaishi kwenye gorofa za Tassia. Chini kuna wanaochomelea vyuma, jirani ana spika kubwa kuliko kabati lake, na televisheni yako inashindana nao wote. Ukimwita mtoto aje kula, anasikia ugomvi. Mkeo anajibu kwa sauti hiyo hiyo, na kabla ugali haujapoa mmekwisha kukosana, hali hakuna aliyesema neno baya. Usimlaumu mkeo, wala usijilaumu. Punguza kelele unazoweza kupunguza. Zile usizoziweza, zipunguze kwa miguu yako, kwa kumkaribia mtu.

Mungu akujalie nyumba ambayo hata mgonjwa husikika akiomba maji. Leo jioni ukifika, zima televisheni, mwendee mkeo hadi mgusane mabega, ndipo umwambie habari za kutwa.