Mwenyewe Hayupo

Tuliporudi Burundi kutoka ukimbizini Tanzania, kabla sijaolewa, nilifanya kazi Muyinga kwa mama mmoja Mwislamu aliyeuza vitenge sokoni. Nilimpikia, nikamsaidia kupanga vitambaa mezani. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Wanawake wakija kununua wakaanza kumsema jirani, maneno yakianza tu kunoga, yeye hukatiza: "Mwenyewe haiko hapa. Ngoja akuye, tutasema." Basi, yanaishia hapo. Mimi nilinuna, maana nilitaka kusikia mwisho. Nikajiambia siku nikipata nyumba yangu, watu watasema mpaka wachoke.

Nikaolewa Bugendana, kule Gitega. Jioni moja tulikuwa uani tunapura maharage, mimi, mume wangu na mama mkwe. Mama mkwe akaanza kumsema jirani wa bondeni, mwanamke aliyebaki wakati wao walipokimbia vita. Eti ameing'oa miti ya minyaa ya mpakani akaingia shambani kwetu. Eti ni mwizi tangu ujana wake. Mume wangu akaitikia kila neno. Wakakubaliana kesho yake waende kuing'oa mihogo aliyoipanda pale yule jirani.

"Mwenyewe hayupo," nikasema. "Aje kwanza."

Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Mama mkwe aliacha fimbo juu.

"Haya umeyatoa wapi?" mume wangu akauliza. "Kwenu hawasemi hivyo."

Kweli, kwetu hawasemi hivyo. Mama yangu mzazi alikuwa bingwa wa kusengenya.

Niliteremka bondeni kumwita. Alikuja mikono imejaa unga wa muhogo, akakataa kukaa.

"Nilisogeza, ndiyo," akasema. "Ninyi hamkuwapo, na watoto wangu walikuwa na njaa. Semeni mnataka mpaka upite wapi."

Walibishana mpaka giza likaingia, kwa sauti za juu, lakini uso kwa uso. Asubuhi mume wangu na yule jirani walipanda minyaa upya, kila mmoja ameshika kamba upande wake. Mihogo ikaachwa ikomae, avune aliyeipanda.

Mama mkwe alininunia muda mrefu. Sikumwomba radhi. Nilimpelekea chakula, nilimsalimia kwa heshima, na kila alipoanza kumsema mtu, niliweka chini nilichoshika, nikasimama tayari kwenda kumwita.