Pazia Limekwenda Upande

Mume wangu ni fundi mwashi, na kwa miaka kumi na tisa nimeishi na mtu asiyeweza kuingia nyumbani bila kukosoa kitu. Picha ya harusi imeinama. Meza imepanda upande wa mlangoni. Pazia limekwenda upande, Mama Pacha, hulioni? Mimi ni fundi cherehani, utepe wa kupimia uko shingoni kutwa nzima, na bado ananifundisha kutundika pazia. Kazini wanamwita Jicho. Wenzake hupima ukuta kwa pima maji, ule ubao wenye kichupa ambacho kiputo chake cha hewa hukaa katikati mambo yakiwa sawa. Yeye hufumba jicho moja, anatazama, anasema, "Sukuma hilo tofali kidogo," na pima maji ikiletwa inakubaliana naye. Ndiyo maana kona za nyumba hupewa yeye. Kona ikisimama, wengine wanavuta uzi na kujaza katikati. Kona ikilala, nyumba nzima imelala nayo.

Jumanne moja aliamka alfajiri, akaketi, akaanguka tena kitandani. Alishika godoro kwa mikono miwili. "Shika kitanda," aliniambia, "kinazunguka." Kitanda kilikuwa kimetulia tuli. Alitapika mpaka akabaki na nyongo. Tulipomtoa nje mimi na kaka yangu, kila mmoja na bega lake, jirani mmoja alitikisa kichwa akasema ulevi wa asubuhi asubuhi ni mbaya. Mume wangu hajawahi kuonja pombe. Nilimjibu jirani yule maneno ambayo sitayaandika hapa.

Daktari wa masikio alimtazama macho, yakawa yanachezacheza yenyewe. Akatueleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo mwili umekaa vipi. Mshipa wa fahamu wa upande mmoja umevimba, huenda kwa sababu ya virusi, kwa hiyo sikio la kushoto linasema hivi na la kulia linasema vile. Akampa dawa ya kuzuia kutapika, ya siku tatu tu. Baada ya hapo tiba ni mazoezi: abandike herufi ukutani, aikazie macho huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, kisha atembee kwenye korido akiunganisha kisigino na vidole, mara tatu kwa siku.

"Yatakuletea kizunguzungu," daktari alisema. "Usiyaache kwa sababu hiyo. Ubongo unajifunza upya kwa kizunguzungu hichohicho."

Herufi niliibandika. Mume wangu aliitazama siku mbili, akaona inamtapisha, akajilaza. Mkandarasi alikuwa amesema atamshikia nafasi yake miezi miwili, kisha kona zitapewa mtu mwingine, na huyo mwingine ni kaka yangu, anayefanya kazi naye. Jambo hilo lilimkera kuliko ugonjwa. Mimi kilichonitisha ni kingine: alikuwa haniambii tena kwamba kitu kimeinama. Niliiinamisha picha ya harusi makusudi. Hakusema neno.

Wiki ya tatu, kizunguzungu kikubwa kilipopungua, aliniaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Alikwenda kazini. Kaka yangu ndiye aliyenisimulia. Alijenga kona safu saba, kwa jicho, kama kawaida yake. Hakuna aliyeisogelea na pima maji, maana nani ampimie Jicho? Hilo ndilo lilikuwa kosa lao wote. Saa sita mchana kaka yangu alikuja kuvuta uzi, akaona uzi na kona haviafikiani. Akaweka pima maji. Kiputo kikakimbilia pembeni.

"Hiyo yako imekufa, shemeji," mume wangu akasema.

Ikaletwa nyingine.

"Na hiyo pia imekufa."

Kaka yangu hakubishana. Alitoa timazi, kile chuma kinachoning'inia kwenye uzi, akakishusha kutoka juu ya kona. Chini, kati ya uzi na ukuta, viliingia vidole viwili. Timazi haina cha kufa. Mume wangu aliitazama mpaka ikaacha kuyumba, akachukua nyundo, akaibomoa kona mwenyewe, tofali moja moja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Alirudi nyumbani na ile timazi mfukoni. "Ukuta umelala, Mama Pacha," alisema, "na mimi nimeuona umesimama."

Niliogopa siku ile kuliko Jumanne ile. "Basi fanya mazoezi, Baba Pacha," nikamwambia. "Ukishindwa, cherehani ya pili ipo, tutashona wote."

Hakucheka. Alibandua herufi yangu, akaning'iniza timazi kwenye boriti ya sebuleni. Herufi haina cha kumwambia, alisema, lakini uzi anauamini. Alisimama mbele yake, macho kwenye uzi, kichwa kulia, kichwa kushoto, jasho likimtoka na beseni likiwa miguuni. Kwenye korido mimi nilishika ncha moja ya utepe wangu, yeye nyingine. Akiyumba utepe unakaza, nami najua. Pacha wetu walikaa mlangoni wakimhesabia makosa kwa sauti, bila huruma. Kuna siku alifika mwisho utepe ukiwa umelegea, na kuna siku aligongana na mlango. Siku mbaya alinifokea, nami nikamfokea, kisha tukaanza tena.

Wiki ya saba, siku ya Jumamosi, nilikuwa kwenye cherehani. Asubuhi nilikuwa nimefua mapazia na kuyarudisha. Yeye alimaliza mazoezi, akasimama anakunywa maji.

"Mama Pacha," akasema, "pazia limekwenda upande. Kushoto limeshuka."

Kwanza nilikasirika, kwa mazoea. Nikapanda kwenye kiti, nikavua utepe shingoni, nikapima kulia, nikapima kushoto. Kushoto lilikuwa limeshuka nusu kidole. Nikakaa palepale kwenye kiti nikalia.

"Sasa pazia nalo linaliza mtu?" aliuliza.

Jumatatu alirudi kazini, akapewa kona. Safu ya kwanza aliitazama, akasema iko sawa, kisha yeye mwenyewe akamwomba kaka yangu pima maji, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Kiputo kilikaa katikati. Tangu siku hiyo hupima kila safu. Bado akigeuka ghafla huyumba kidogo, na jukwaa la ujenzi hulipanda akishikilia. Pazia mimi sijalinyoosha. Kila akirudi ananiambia limekwenda upande, nami namjibu kwamba nitalishughulikia kesho.