Kanda Iliyobaki Kwenye Redio ya Mama Mkwe

Wazo lilikuwa la jirani yangu, mfanyakazi wa serikali aliyepata uhamisho wa kwenda Lindi. Alikuwa anapunguza mizigo kabla lori halijaja, na siku moja tukiwa tumesimama getini kwake akaniambia, "Shoga, mbona kila nyumba mtaani hapa ina stoo iliyojaa hadi mlango haufungi? Jumamosi tutoe vyote nje. Tupange barabarani, watu wapite wachague." Akatangaza kwenye kundi la simu la mtaa wetu, hapa Miyuji, Dodoma, na kufika Ijumaa karibu kila mwanamke alikuwa anafukua stoo yake, nyusi nyeupe kwa vumbi.

Nilipofungua yetu, nilikaa kwanza juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatazama tu. Yalikuwemo mapipa ya maji ya miaka ile bomba lilipokuwa linatoa hewa kuliko maji, watoto wakitoka shule wanashika madumu kabla ya kushika sahani. Jiko la mchina lilikuwa bado linanuka mafuta ya taa, harufu ileile iliyokuwa ikiingia hadi kwenye chai. Kulikuwa na runinga ya chogo ambayo watoto wa mtaa mzima walikuja kuitazama, viatu vyao vimerundikana mlangoni. Na kitanda cha deka, cha juu na chini, walicholalia watoto wetu, mbao zake zimechorwa kwa kalamu magari, nyumba, na mtu mmoja mwenye masikio makubwa ambaye wote walikana kumchora.

Mume wangu, ambaye sasa ni mstaafu, hakupinga. "Uza unachotaka," alisema. Lakini kila nilichokitoa alikigusa kwanza.

Nyuma kabisa, imefungwa kwenye kanga, ilikuwa redio kaseti ya mama yake.

Mama mkwe alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Alikuwa Msandawe wa huko vijijini Chemba, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: kusalimia, kununua chumvi, kugombana na muuza nyanya. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Lugha yake, pamoja na zile sauti za kugongesha ulimi, ilinishinda kabisa. Nilijaribu mwanzoni, watoto wakanicheka, nikaacha. Mume wangu aliondoka kwao mapema kwenda shule ya bweni, na kadiri miaka ilivyokwenda, mama yake alikuwa akiongea naye Kisandawe, yeye akishika neno hapa na pale tu na kumjibu Kiswahili.

Mchana tulibaki wawili. Tulikaa barazani tukimenya karanga, redio katikati yetu, yeye akiongea ya kwake na mimi ya kwangu. Mara nyingine alimtazama kuku akipita, akasema neno, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Nami nilicheka, sijui ninachokicheka. Alipofariki, tuliifunga redio kwenye kanga yake na hatukuigusa tena.

"Na hii?" nilimuuliza mume wangu.

"Mpe mtu atakayeisikiliza," akasema, akatoka nje.

Jumamosi watu walikuja kuliko tulivyotarajia. Walitoka Ipagala, walitoka hata kule Chimwaga, wanafunzi wa chuo wakitafuta vitu vya bei nafuu vya vyumbani mwao. Mapipa yaliondoka mapema na fundi ujenzi mmoja. Kitanda cha deka kilichukuliwa na mama mwenye watoto mapacha. Nilipopapasa ile michoro akaniuliza kama nimebadili mawazo. Nikamwambia hapana, wapelekee wanao wakilalie.

Kisha akaja binti mmoja wa chuo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Hii redio bado inaongea?"

"Marahaba. Sijui mwanangu. Jaribu."

Binti yangu mdogo akaleta betri kutoka dukani. Yule mwanafunzi akazipanga, akabonyeza. Kumbe ndani mlikuwa na kanda. Ilikoroma kidogo, halafu ikatoka sauti ya mwanamke mzee, nzito, isiyo na haraka, ikigongesha ulimi. Mama mkwe.

Mume wangu alikuwa anamfungia mteja kamba kwenye baiskeli. Aliiachia.

Hakuna kati yetu aliyeelewa alichokuwa akisema, ila nilisikia mtu anacheka nyuma yangu. Alikuwa bibi mmoja aliyejifunga kanga mbili, aliyekuwa akigongagonga masufuria yangu kuona kama yametoboka. Alicheka kama mtu aliyeelewa kinachosemwa.

Mume wangu akamsogelea. "Shikamoo, mama. Unaisikia lugha hiyo?"

"Nisiisikie kwa nini? Si ndiyo yangu? Huyu nani?"

"Mama yangu mzazi. Alishafariki."

Bibi akaacha sufuria. "Anamsalimia dada yake," akasema. "Anasema upepo wa Dodoma unataka kumtoa macho. Anasema kuku wa huku hawana adabu, wanaingia ndani bila hodi."

Ndipo nikakumbuka. Kabla ya simu, watu waliokuwa mbali walirekodi salamu kwenye kanda, wakampa mtu anayepanda basi aifikishe. Niliwahi kumkuta mama mkwe ameinamia redio, midomo karibu iiguse, nikadhani anasali. Kwa nini kanda ile haikupelekwa, sijui.

Bibi aliendelea kutufasiria. Mvua imenyesha huko? Mizinga ya marehemu ina nyuki bado? Kisha akaitegea kanda sikio, akanigeukia.

"Wewe ndiye mkwe?"

"Ndiyo, mama."

"Anasema, mke wa mwanangu hajui hata neno moja la kwetu, lakini nikicheka naye anacheka. Anasema, nikikaa naye sichoki."

Miaka yote ile nilidhani ananivumilia tu. Kwenye kanda kuku akalia, na kutoka mbali sauti ya mwanamke kijana ikaita, "Mama, karibu chakula!" Kanda ikakatika hapo. Ile sauti ilikuwa yangu.

Yule mwanafunzi alizima redio taratibu, akaniwekea mikononi. "Mama, hii msiuze," akasema.

Mume wangu alimletea bibi kiti na chai, wakakaa chini ya kivuli cha ukuta. Binti yangu akaipiga kanda tena, akairekodi kwenye simu na kuwatumia kaka zake. Mimi nilirudi kwa wateja, macho yananiwasha, nikasema ni vumbi.

Alasiri kijana wetu mkubwa alipiga simu kutoka Mwanza. Baba yake akaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Baba, pale mwanzoni bibi anasema nini?"

"Ngoja nimuulize bibi yako hapa."

"Bibi gani, baba?"

Mume wangu akamtazama yule bibi, aliyekuwa anapuliza chai yake bila wasiwasi, kama mtu aliye kwake.

"Wa Chemba," akajibu. "Tumempata leo."